Mashine ya theluji ikizimwa bado ina nguvu: maswali na majibu kwa ndugu walioko nchi za baridi

Ndugu zetu wengi wa Kongo, Burundi, Kenya na Tanzania waliohamia Minnesota, Maine, Buffalo au Edmonton hufika siku wakapata nyumba yao, na nyumba ile huja na theluji yake. Mjini Minneapolis, mwenye nyumba ya familia moja ana saa 24 baada ya theluji kuacha kuanguka awe ameshasafisha njia ya wapita kwa miguu iliyo mbele ya nyumba. Koleo linachosha, kwa hiyo watu hununua mashine ya kusafisha theluji. Maswali yafuatayo ndiyo ninayoulizwa kila msimu, na kwa swali la pili naomba usome polepole.

Mashine yenyewe ikoje, na mbona wanasema ni ya gesi?

Inatumia petroli. Wamarekani petroli huiita "gesi", kwa hiyo usitafute mtungi. Ina injini kama ya jenereta ndogo, unaivuta kamba ikawaka, nawe unatembea nyuma yake ukiwa umeshika mpini. Mdomoni mwake kuna parafujo kubwa la chuma linalokata theluji na kuivuta katikati. Nyuma ya parafujo hilo, ndani kabisa ambako huwezi kuona ukiwa umesimama kwenye mpini, kuna feni ya chuma inayozunguka kwa kasi zaidi. Feni ndiyo inayoirusha theluji juu hadi itokee kwenye shingo ya mashine. Zile ndogo hazina feni, parafujo lenyewe ndilo linalorusha, tena linagusa ardhi, kwa hiyo hazifai kwenye njia ya kokoto.

Kwenye mpini wa mashine kubwa kuna vishikio viwili vya kubana, mfano wa klachi na breki ya pikipiki. Kimoja huzungusha parafujo na feni, kingine huendesha magurudumu. Ukiviachia, kila kitu kinapaswa kusimama.

Watu huliogopa parafujo kwa sababu wanaliona. Feni iliyojificha ndiyo mkataji mkubwa wa vidole.

Theluji imekwama shingoni na mashine nimeshaizima. Nikiingiza mkono mara moja tu, kuna ubaya gani?

Feni ile huzungushwa na mkanda wa mpira unaotoka kwenye injini. Theluji nzito ikijaa, feni inagoma, lakini mkanda unaendelea kuivuta. Unazima injini, kelele inakwisha, pote kimya. Ule mvuto haujaondoka. Umebaki umejibana humo ndani kama manati iliyovutwa, na kinachoizuia isifyatuke ni lile donge la theluji. Kidole chako kikilisukuma donge, feni inafyatuka. Haizunguki mara nyingi, inaruka nusu mzunguko, pengine robo tu. Robo inatosha kuondoa vidole vitatu, na hakuna binadamu mwenye mkono wa kasi ya kuikwepa.

Jirani yangu mmoja, mzee wa Uvira, alikuwa fundi cherehani tangu ujana. Aliizima mashine, akavua glavu ili ashike vizuri, akaingiza mkono wa kulia. Leo mkasi anaushika kwa kidole gumba na kidole cha mwisho, na akitaka kutunga uzi kwenye sindano anamwita mjukuu. Alikuwa ameizima. Hilo ndilo neno analolirudia kila akisimulia, kwamba aliizima.

Wako wengine ambao hawakuizima. Waliachia kishikio, wakiwa na kofia nzito na vifunika masikio, wakadhani feni imesimama kumbe bado inamalizia mizunguko yake. Nchini Marekani maelfu ya watu hupelekwa vyumba vya dharura kila mwaka kwa majeraha ya mashine hizi, na viungo vinavyoongoza ni vidole na viganja. Mara nyingi huwa ni mkono ule mtu anaoutumia zaidi, kwa sababu ndio unaotangulia.

Glavu nene za ngozi hazisaidii?

Hazisaidii hata kidogo. Feni inayosaga barafu haitashindwa na ngozi, na glavu ikinaswa huuvuta mkono ndani zaidi.

Basi nitaizibuaje?

Achia vishikio vyote viwili. Zima injini na uchomoe ufunguo, uutie mfukoni. Subiri hadi uone kwa macho kwamba hakuna kinachozunguka. Wenye uzoefu huchomoa pia waya wa plagi, na mimi nawaunga mkono. Kisha chukua kijiti cha kuzibulia. Mashine nyingi za kisasa huja nacho, ni kipande cha plastiki kirefu chenye ncha bapa, kimebanwa juu ya kichwa cha mashine. Kama chako kimepotea, mpini wa ufagio unafaa. Simama pembeni, sukuma donge kwa kijiti, na uwe tayari kijiti kupigwa kikakutoka mkononi, maana ule mvuto niliousema utaishia kwenye kijiti badala ya kidole. Mkono usiingie hata baada ya donge kutoka. Mabaki nayo yatoe kwa kijiti.

Hata hivyo ni heri isikwame kabisa. Theluji inayokwama ni ile ya majimaji, ya siku ambayo baridi imelegea na joto linakaribia nyuzi 0. Ile kavu ya baridi kali huruka kama unga. Pabaya kuliko pote ni pale njia yako ya gari inapokutana na barabara, kwa sababu gari la manispaa likipita husukumia hapo ukuta wa theluji iliyoshindiliwa na kuchanganyika na chumvi na mchanga. Hapo punguza mwendo, kula kidogo kidogo, nusu ya upana wa mashine, injini ikiwa kwenye kasi yake kamili. Kabla ya kuanza, nyunyizia ndani ya shingo na kwenye parafujo mafuta ya kupikia ya kupuliza au silikoni, theluji itateleza. Na ikianguka nyingi usisubiri iishe. Novemba 2022 viunga vya kusini vya Buffalo vilifikiwa na theluji ya karibu mita 2 kwa siku chache. Theluji ya namna hiyo husafishwa kwa awamu.

Ajali ikishatokea tufanye nini?

Piga 911, namba ya dharura. Kandamiza jeraha kwa kitambaa safi, uendelee kukandamiza bila kuchungulia chungulia, na mkono uinuliwe juu ya usawa wa moyo. Mtu alale au akae, asije akaanguka. Mwingine atafute kidole kilichokatika. Akioshe kwa maji safi kidogo, akifunge kwa kitambaa safi kilicholoweshwa, akiweke kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri, na mfuko huo ndio uwekwe kwenye chombo chenye maji na barafu. Kidole chenyewe kisigusane na barafu. Nasisitiza hili kwa sababu uwanja mzima ni theluji, na mtu aliyechanganyikiwa hukifukia humo akidhani anakihifadhi. Baridi ile huiua nyama, daktari akashindwa kukirudisha.

Nje baridi inauma. Naweza kuiwasha ndani ya gereji nikiwa nimefungua mlango?

Hapana, ndugu yangu, hata kwa dakika tano za kuipasha moto. Sote tuliokulia kwetu tunajua habari ya jiko la mkaa lililoingizwa chumbani usiku wa mvua, na watu wasiamke asubuhi. Moshi wa injini una gesi ileile, kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu. Ukiivuta, huishika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni inavyoishika, hivyo damu inazunguka mwilini ikiwa imebeba sumu badala ya hewa. Kufungua mlango wa gereji hakutoshi, gesi inabaki pembeni na inapenya mlango wa kuingilia jikoni hadi vyumba vya kulala. Sukuma mashine hadi nje kabisa, ndipo uvute kamba. Kama yako inawashwa kwa umeme, chomoa waya mara inapowaka, na mikono isiwe na maji.

Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na miguu kulegea. Watu husema ni mafua. Kama watu wawili watatu nyumbani wanaumwa kichwa kwa pamoja na wakitoka nje wanapata nafuu, huo si ugonjwa wa kuambukizana. Tokeni wote, pigeni 911 mkiwa nje. Sheria ya Minnesota inataka kengele ya gesi hii iwepo ndani ya mita 3 hivi kutoka kila chumba cha kulala. Kama umepanga na huioni, mwulize mwenye nyumba leo.

Wakati nasafisha, watoto wanaweza kukaa ndani ya gari wakipata joto?

Swali hili linanitia hofu kila nikilisikia, kwa sababu linatoka kwenye mapenzi. Baba anawasha gari, anawaketisha wanawe ndani, anawasha hita, anaenda kufukua. Theluji imeziba bomba la moshi huko nyuma, au yeye mwenyewe anaitupia pale bila kujua. Moshi ukikosa pa kutokea hurudi ndani ya gari. Watoto wamekufa hivyo Marekani, baba akiwa hatua chache tu kutoka kwao. Fukua bomba la moshi kwanza, kabla ya kugusa ufunguo wa gari, na watoto wabaki ndani ya nyumba hadi umalize. Ukimaliza, zunguka nyumba uangalie matundu ya kutolea moshi wa hita na ya mashine ya kukaushia nguo. Nayo hufunikwa na theluji inayorushwa.

Mama mkwe ana presha na ana miaka 62. Anasema mashine inasukumwa tu, si koleo, kwa hiyo ataisukuma. Tumwachie?

Msimwachie kabla daktari wake hajasema. Baridi hubana mishipa ya damu, na moyo unalazimika kusukuma kwa nguvu zaidi. Ukiongeza kazi ya kusukuma chuma kizito na kukirudisha nyuma kwenye barafu, presha hupanda ghafla. Ni kweli mashine ina unafuu kuliko koleo, lakini madaktari wa moyo wa Marekani huonya kuhusu vyote viwili. Mwenye presha, kisukari, au aliyewahi kupata tatizo la moyo, amwachie kijana. Maumivu ya kifua, jasho la baridi, pumzi kukatika, maumivu yanayopanda tayani au kushuka mkononi: acha mashine hapohapo, piga 911. Usiingie ndani kulala ukisema ni uchovu.

Petroli je?

Jaza injini ikiwa baridi. Ikikuishia katikati ya kazi, zima na usubiri ipoe, maana bomba la moshi huwa la moto kiasi cha kuwasha mvuke wa petroli. Jaza nje, dumu likiwa chini kwenye ardhi, si ndani ya gari, na usijaze hadi shingoni. Dumu lisihifadhiwe ndani ya nyumba wala karibu na hita.

Nivae nini?

Buti zenye meno. Nguo za kubana, bila mtandio wala kamba za kofia zinazoning'inia. Akina mama, khanga na sketi ndefu vibaki ndani. Miwani ya kukinga macho, na vizibo vya masikio, kwa sababu kelele yake huweza kuvuka desibeli 85, kiwango kinachoharibu masikio taratibu. Pete zivuliwe. Vidole vikifa ganzi na ngozi ikawa nyeupe au kijivu, ingia ndani uvipashe kwa maji ya uvuguvugu. Usivisugue, wala usivikaribishe kwenye moto.

Kuna la kuangalia kwa walio karibu?

Kilichofichwa na theluji ndicho kitakachorushwa: kokoto, gazeti lililogandiana, mdoli wa mtoto, mkeka wa mlangoni. Pita uyaokote kabla haijaanguka. Shingo isielekezwe kwa mtu, dirishani, wala barabarani, na Minnesota sheria inakataza kutupa theluji barabarani. Kwenye mteremko panda na kushuka, usikate kwa ubavu. Ukirudi nyuma, geuka uangalie. Mtoto akitoka nje, achia vishikio.

Nimepata iliyotumika, bei nzuri. Nikague nini?

Anza na vishikio. Viachie injini ikiwa inawaka na uangalie kutoka mbali kama parafujo linasimama. Nimeona mashine ambazo mwenyewe wa kwanza alifunga kishikio kwa kamba ili asichoke kukibana, kamba ikaachwa hapo hadi ikauzwa nayo. Mashine hiyo mtu akiteleza itaendelea kuzunguka miguuni mwake. Ikate kamba papo hapo, mbele ya muuzaji, na kishikio kikishindwa kurudi chenyewe usinunue. Angalia pia pini ndogo zinazoshika parafujo. Zimetengenezwa zivunjike parafujo likiuma kitu kigumu, ili gia zisiharibike. Kama mtu ameweka bolti ya kawaida, itoe, ununue pini zake halisi mbili tatu za akiba. Mwisho omba kijiti cha kuzibulia, na kama hakipo, nunua kingine kabla theluji ya kwanza haijaanguka.