Chachu ya mvinyo na kromosomu zake: tunayodhani na yalivyo

Mzee mmoja mgema wa Tongoni, huku kwetu Tanga, alishuka na kibuyu asubuhi, akanisogezea nisikilize. Ndani mlikuwa mnachemka, povu limepanda hadi shingoni. "Unasikia, mwanangu? Mnazi unapumua huo."

Nampenda mzee huyu, lakini hapo ndipo wengi tunapokosea. Mnazi hutoa maji matamu tu. Kinachochemka ni chachu, viumbe hai wa seli moja, pamoja na bakteria. Nyuki, nyigu na nzi huwaleta wanapofuata utamu kwenye karara lililokatwa kwa kotama, na wengine wamebaki kwenye mashapo ya kibuyu cha jana. Wanakula sukari, wanatoa pombe na gesi. Mvinyo wa zabibu za Dodoma hupatikana kwa njia hiyo hiyo, na fundi mkuu ni yule yule: Saccharomyces cerevisiae. (Ule weupe juu ya ganda la zabibu si hamira, ni nta ya tunda lenyewe.)

Kwa kuwa hamira ya maandazi nayo ni spishi hiyo hiyo, watu husema hamira ni hamira. Sivyo. Dodo na bolibo zote ni embe, ila mtu wa Tanga humpi moja ukamwambia ni nyingine.

Tofauti zao zimo kwenye kromosomu, yaani nyuzi za DNA ndani ya seli zinazobeba jeni, maelekezo ya urithi. Tunasoma kwamba chachu ina kromosomu 16, tukadhani ndiyo hesabu ya kila chachu. Hiyo 16 ni seti moja. Chachu nyingi za mvinyo zina seti mbili, yaani 32; za mkate na za bia mara nyingi zina nne. Nyingine zina kromosomu moja ya ziada au pungufu, na zinachapa kazi vilevile.

Wala wingi wa kromosomu si ubora wa kiumbe. Mnazi nao una 32, sawasawa na chachu ya seti mbili. Lakini seti moja ya chachu ina herufi za DNA zipatazo milioni 12, na ya mnazi zaidi ya bilioni 2. Idadi ya makabati haikuambii mna nguo ngapi.

Dhana inayoniuma zaidi ni kwamba chachu ya mvinyo imetengenezwa maabara. Zipo chache zilizobadilishwa jeni, na Marekani iliridhia moja mwaka 2003. Lakini badiliko maarufu kuliko yote halikufanywa na mtu. Watengenezaji mvinyo wa Ulaya wametumia salfa kwa muda mrefu kuua vijidudu viharibifu, na salfa hiyo huitesa chachu pia. Katika baadhi ya chachu, kromosomu ya 8 na ya 16 zilikatika zikabadilishana vipande. Jeni iitwayo SSU1, inayounda pampu ya kutoa salfa nje ya seli, ikajikuta jirani na swichi yenye nguvu zaidi. Pampu zikaongezeka. Chachu hizo zikaishi pale wenzao walipolemewa, na wenye mapipa, bila kujua lolote kuhusu jeni, wakawa wanazichagua mavuno baada ya mavuno. Jeni zote za chachu zilisomwa mwaka 1996, ikiwa ya kwanza miongoni mwa viumbe wenye kiini cha seli, na ndipo watafiti walipopata njia ya kuifuata historia hiyo.

Kwa hiyo msiniambie chachu ya tembo, pombe hii ya mgema, ni ile ya mvinyo iliyokosa adabu. Zile zilizochunguzwa kutoka tembo la Afrika Magharibi zina ukoo wao, mbali na ukoo wa mvinyo wa Ulaya.

Nilimweleza mzee haya yote chini ya mnazi. Akatikisa kibuyu, akamwaga tembo kwenye ndoo, akaacha mashapo kidogo chini. "Basi hao ndio ninaowaachia kila siku," akasema, akapanda tena.