Tarumbeta Imegeuka Piano: Kunyoosha Ala Baada ya Kuhamisha Faili la Nota

Tangu itangazwe Agosti 2024 kwamba Finale, programu ya kuandikia nota, haitaendelezwa tena, walimu wa kwaya wengi wanazihamishia nyimbo zao MuseScore, programu nyingine ya kazi hiyo hiyo, na mimi mchapaji wa nota nimegeuka fundi wa kuzinyoosha. Ujumbe ninaoupata haubadiliki: "Mtumishi, nimefungua faili, soprano mpaka besi wote wanalia piano. Hata tarumbeta!"

Akiona hivyo, mtu hukimbilia miksa (kidirisha cha kupangia sauti), kitufe F10, akachagua sauti ya tarumbeta, akasikia inalia vizuri, akachapisha. Kasheshe huanza Jumamosi mazoezini. Miksa inabadili kinachosikika tu. Kwa programu, mistari ile bado ni ya piano: haijui tarumbeta inaishia wapi juu na chini, wala haijui kwamba tarumbeta ya B♭ huandikwa tofauti na inavyolia. Ala yenyewe hubadilishwa kwenye orodha ya ala, F7, kwa kubofya kialama cha gia kando ya jina lake.

Ila kabla sijabadili chochote, hulifungua faili kwa programu ya kawaida ya maandishi. MusicXML, aina ya faili la kuhamishia nota kati ya programu, ni maandishi matupu; likiwa la .mxl ni zipu tu, unalifumua. Juu kabisa kuna orodha ya sehemu za wimbo. Kila sehemu ina jina, na ukiwa na bahati ina kitambulisho cha sauti na namba ya MIDI, yaani namba inayoiambia kompyuta ilie kwa ala gani. Vitu hivyo vitatu havifungamani: jina linaweza kusema besi huku namba ikisema 1, yaani piano. Na sisi tunaoandika kwa Kiswahili tuna mkosi wetu. Ukiandika "Sauti ya Tatu" kwaya nzima inakuelewa, ila programu inayotafuta neno "Tenor" inapita bila kusalimia. Vitambulisho kama voice.tenor vilikuja na MusicXML 3.0 mwaka 2011. Faili la zamani kuliko hapo halina.

Faili la MIDI, linalobeba amri za kupiga nota tu, lina kisirani kingine. Orodha ya General MIDI ya 1991 ina sauti 128, zinazohesabiwa 1 hadi 128 kwenye majedwali lakini 0 hadi 127 ndani ya faili. Programu ikisahau hilo, tarumbeta, namba 57, inaweza kuwa trombone, 58. Ukikuta kila ala imehamia kwa jirani yake, umemjua mchawi. (Orodha hiyo ina kalimba, namba 109, ila kayamba halimo. Mimi huliweka kwenye maracas, namba 70 kwenye chaneli ya 10, iliyotengwa kwa ngoma.)

Sasa penye maumivu. Tarumbeta ya B♭ ikiandikiwa D, inayosikika ni C. Faili zuri hubeba habari hiyo. Habari ikipotea njiani, MuseScore inaiamini D kuwa D ya kweli, na ukichagua tarumbeta ya B♭ inaiandika E ili ilie D. Umehamisha mara mbili. Dawa ni kubadili ala kwanza, kisha kuchagua mistari yote ya tarumbeta hiyo na kuishusha toni nzima.

Tenor ni rahisi: ile nane ndogo chini ya alama ya G mwanzoni mwa mstari, inayosema imbeni oktava moja chini, imedondoka, wanaume wanaimba juu ya soprano. Weka alama yenye nane, chagua nota zote za tenor, bonyeza Ctrl na mshale wa chini zishuke oktava.

Kosa langu kubwa lilikuwa la kujua mno. Niliwaandalia wapigaji wa kwaya moja ya tarumbeta ya Kilutheri nota za B♭ zilizonyooka kabisa, wakapiga toni nzima juu ya waimbaji. Kumbe walifundishwa kwa utaratibu wa Posaunenchor, kwaya za tarumbeta za makanisa ya Ujerumani, uliosimamiwa sana na mchungaji Johannes Kuhlo: tarumbeta ya B♭ mkononi, lakini unasoma kama mpiga kinanda. Kwao D ni D ya kinanda. Niliwalaumu kwa dakika kumi hivi kabla mzee mmoja hajaniuliza kwa upole, "Mwalimu, hizi umeziandikia nani?" Watu hao huwekewa tarumbeta ya C kwenye orodha, hata kama iliyo mkononi si ya C.

Siku hizi, kabla sijagusa F7, nampigia simu mpiga tarumbeta wa kwanza: "Ndugu, do unayoipiga bila kubonyeza kitu, unaiita C au B♭?" Akisema C, naweka tarumbeta ya B♭. Akisema B♭, naweka ya C.