"An" haifuati herufi, inafuata sauti

Kila nikitoa zoezi la kweli na si kweli la sarufi ya Kiingereza, sentensi moja inawaangusha wengi: "An" hutumika mbele ya neno linaloanza na a, e, i, o au u. Wanajibu "kweli" bila kusita. Si kweli! Nikiwakosoa, hata watu wazima wenye vyeti vyao wananibishia kwamba ndivyo walivyofundishwa tangu shule ya msingi.

Ndiyo, mlifundishwa, na mlifundishwa vibaya. Kinachoamua ni sauti ya kwanza inayotoka mdomoni. "University" imeandikwa kwa u, lakini hutamkwa kwa y ya "yule". Kwa hiyo ni "a university", na vilevile "a European". "One" huanza na w ya "wali": "a one-day seminar". Katika "hour" na "honest" h haitamkwi, basi "an hour", "an honest man". Sisi tunanaswa kirahisi kwa sababu Kiswahili husomwa kilivyoandikwa, tukazoea kuiamini herufi.

Vifupisho ndivyo vinavyoniudhi zaidi, maana makosa yake yamejaa kwenye barua za kazi. N ikisimama peke yake hutamkwa "en", kwa hiyo "an NGO", na kwa njia hiyohiyo "an MP", "an HIV test". U hutamkwa "yu": "a UN officer". NATO haitajwi herufi mojamoja, husomwa kama neno, basi "a NATO meeting". Kabla hujaandika, tamka. Kwa sauti kabisa, si moyoni.

Na sikio halikuanza leo kuamua. "An" ndiyo ya zamani. N ilidondoka mbele ya konsonanti. "Apron" yenyewe ilikuwa "napron", watu wakasikia "a napron" wakaikata pasipostahili, ikabaki "an apron".

Mengine ni mepesi. Kila neno lenye -ly ni kielezi? Si kweli, "friendly" ni kivumishi. Sentensi isiishie na kihusishi? Mshairi John Dryden aliilalamikia tabia hiyo mwaka 1672, na Waingereza wangali wanauliza "What are you looking for?" "They" ni ya watu wengi tu? Imetumika kwa mtu mmoja tangu karne ya 14. Walimu wenzangu, mwanafunzi akiandika "Someone left their phone", msimkate maksi.