Rutheni inayowaka ikiikuta DNA

Ukiniuliza kitambuzi kizuri cha kupigia picha ndani ya seli ni kipi, sitakutajia kinachong'aa kuliko vyote. Nitakutajia kinachokaa gizani mpaka kiikute molekuli inayotafutwa. Ninaoupenda zaidi ni mfano wa kampaundi ya rutheni, aina ya metali, ambayo mwanakemia Jacqueline Barton na wenzake waliieleza nchini Marekani mwaka 1990.

Atomu moja ya rutheni imeshikwa na ligandi tatu, yaani molekuli zinazoizunguka metali, na mojawapo, dppz, ni ndefu na bapa. Weka myeyusho wake wa maji kwenye kichupa, uumulike kwa mwanga wa buluu: una rangi ya chungwa, lakini haung'ai. Dondoshea DNA, na papo hapo unatoa mwanga mwekundu. Maji ndiyo yaliyokuwa yakiuzima, kwa kujifunga na nitrojeni za dppz na kuifanya nishati ipotee kama joto. Dppz ikijichomeka kati ya jozi za besi za DNA, kama karatasi kati ya kurasa za kitabu, nitrojeni hizo hukingwa, na mwanga huongezeka zaidi ya mara 10,000.

Tena huo mwanga hudumu mamia ya nanosekunde (nanosekunde ni sehemu moja ya bilioni ya sekunde), ilhali ule wa asili wa seli huisha ndani ya nanosekunde chache. Subiri kidogo ndipo upokee, na makelele yote yameshapita.

Kasheshe ni kuingia. Kampaundi hii ina chaji mbili chanya, na haivuki kirahisi utando wa seli hai. Ndiyo maana nikioneshwa kiini cha seli, makao ya DNA, kinachong'aa, huuliza kwanza: seli zilikuwa hai? Zikishafishwa kwa kemikali, utando huwa umetoboka na karibu chochote hupita. Kuipa ligandi zinazopenda mafuta huisaidia kuingia, ila nyingi hukwama kwenye saitoplazimu, nje ya kiini. Halafu dppz huwaka hata ndani ya mafuta ya utando, maana huko nako maji ni haba. Mwanga peke yake si ushahidi wa DNA.

Mwaka 2009 kundi la mwanakemia Jim Thomas, Sheffield, Uingereza, lilionesha kampaundi yenye atomu mbili za rutheni inayoingia seli hai na kuwasha kiini. Kwa kuwa rutheni ni metali nzito, DNA ilionekana pia kwa hadubini ya elektroni, jambo ambalo rangi nyingi za kawaida haziliwezi.

Usiimulike muda mrefu, lakini. Nishati huhamia kwenye oksijeni, nayo ikageuka kali na kuziumiza seli. Wanaotafuta tiba ya saratani wanaifurahia tabia hiyo. Mimi napunguza taa, na kuiwasha pale tu kamera inaposoma.