Kujiamini hakutangulii kipaza sauti

Jumamosi iliyopita, nilipokuwa nikimsaidia fundi mitambo kukunja nyaya baada ya harusi moja niliyoisherehesha pale Raskazone, alinijia dada mmoja mfamasia wa hapa hapa Tanga, akanisalimu kwa adabu, kisha akatamka maneno ambayo nimeyasikia mara nyingi mno kiasi kwamba ninaweza kuyamalizia kabla msemaji hajafika nusu: "Kaka, na mimi natamani sana kazi hii, nasubiri tu nipate kujiamini ndipo niache ile ya dawa." Nilimjibu kwa mkato, kwa kuwa ilikuwa saa saba usiku na mgongo ulikuwa ukiniuma. Hapa ninamjibu inavyostahili, yeye pamoja na wote waliomtangulia.

Kosa limo katika neno "nipate". Linachukulia kwamba kujiamini ni kitu kilichowekwa mahali fulani, mtu akakichukua, akakitia mfukoni na kupanda nacho jukwaani. Mwanasaikolojia Albert Bandura, katika maandishi yake ya mwaka 1977, alitaja vyanzo vinne vya imani ya mtu kwamba analiweza jambo: kulitenda mwenyewe akafanikiwa, kumwona mwenzake akilitenda, kutiwa moyo kwa maneno, na namna anavyoutafsiri mwili wake unapotaharuki. Chanzo alichokipa uzito kuliko vyote ni kile cha kwanza. Anayesubiri kujiamini ili aanze, anasubiri mchuzi wa samaki ambaye bado yuko baharini.

Hata hivyo, hilo ninalivumilia. Nisilolivumilia ni pale watu wanapoulizana kama fulani "anajiamini" au "hajiamini", kana kwamba wanauliza kama ni mrefu au mfupi. Imani anayoizungumzia Bandura ni ya jambo mahususi, wala si lazima ihame na mtu kutoka kazi moja hadi nyingine. Mimi nilikuwa karani wa mizigo bandarini kwa miaka tisa, na katika miaka hiyo nilibishana na madereva wa malori na mawakala wa forodha bila kupepesa jicho, hata wenzangu wakawa wanasema kwamba sina haya. Siku niliyoshika kipaza sauti kwa mara ya kwanza, katika harusi ya binamu yangu kule Makorora, ulimi ulinigandia kwenye kaakaa, na ile karatasi ya ratiba niliyoishika ilitetemeka hadi mchakacho wake ukaingia kwenye spika na ukumbi mzima ukausikia. Yule karani asiye na haya hakuonekana. Alibaki bandarini na vitabu vyake. Tangu siku hiyo ratiba yangu huiandika kwenye vipande vya boksi gumu, kwa maana karatasi nyepesi humchongea mwenye mkono unaotetemeka ilhali boksi humsitiri. Ninaona hila hiyo ndogo imenifaa kuliko semina zote za hamasa nilizowahi kulipia.

Nikitaja semina, lazima niseme jambo kuhusu ule ushauri wa kusimama mbele ya kioo kwa dakika mbili, mikono kiunoni na kifua mbele, eti homoni za mwili zibadilike na mtu awe jasiri. Ulitokana na utafiti uliochapishwa mwaka 2010 na kina Dana Carney na Amy Cuddy, uliohusisha watu 42 tu. Utafiti mkubwa zaidi uliochapishwa mwaka 2015 haukuyaona mabadiliko hayo ya homoni, ingawa waliosimama hivyo walisema kwamba walijihisi wenye nguvu zaidi. Na mwaka 2016 Carney mwenyewe alitangaza kwamba haamini tena kuwa athari ile ni ya kweli. Walimu wetu wa hamasa wanaendelea kuufundisha kana kwamba tangazo hilo halijawafikia. Anayependa kusimama hivyo na asimame, lakini asinipigie simu kunilaumu akifika jukwaani akaukuta moyo bado unadunda.

Moyo utadunda tu. Wangu hudunda hadi leo kabla ya kuita meza kuu, na sikumbuki mwaka ambao haukudunda.

Wageni wanaonisifu kwa kujiamini hutaja zaidi usiku mmoja ambapo umeme ulikatika keki ikiwa inakatwa, na jenereta likagoma kuwaka. Kwa dakika kama kumi niliendesha sherehe kwa sauti tupu: nikawaomba kina mama wa upande wa bibi harusi waanze vigelegele ili watoto wasiogope, nikaagiza simu tatu zimulike keki, nikamkalisha mzee aliyetaka kutoka nje kupitia mlango wenye ngazi. Kama kulikuwa na ujasiri hapo, mimi sikuuona, kwa sababu nilikuwa ninahesabu watu na ngazi. Nimeanza kushuku kwamba tunachokiita kujiamini, kikitazamwa kwa ndani, ni kuwa na shughuli nyingi kiasi cha kukosa nafasi ya kujitazama. Sina hakika, na inawezekana ni maelezo yangu mwenyewe tu.

Kuhusu kuacha kazi nitasema machache. Harusi nyingi huwa Ijumaa hadi Jumapili, kwa hiyo mwajiriwa anaweza kujifunza huku akipokea mshahara. Katika Ramadhani sherehe hapa Tanga hukauka, na katika Kwaresma sherehe za Wakristo huwa chache mno. Mwaka 2026 vipindi hivyo viwili vilianza katika wiki moja, na washereheshaji wasio na akiba waliijua njaa. Ninapaswa kukiri pia kwamba nilipoacha bandari, mke wangu alikuwa akifundisha na mshahara wake ndio uliolipa kodi ya nyumba mwaka mzima. Ninapoulizwa niliupata wapi uthubutu, mara nyingi nimesimulia habari za moyo na kusahau habari za kodi, na huenda wapo waliokuwa hodari kuliko mimi waliorudi kazini kwao kwa kukosa hiyo tu.

Yule dada nimempigia simu leo asubuhi. Nimemwambia kwamba Jumamosi nina shughuli ndogo Pongwe, wageni hawazidi themanini, na nitampa dakika tatu za kuwataja wazazi wa pande zote mbili, bila malipo, ratiba yake ikiwa kwenye boksi. Alinyamaza kidogo, akauliza kama majina hayo atayapata mapema, kisha akasema kwamba ataitazama kwanza zamu yake ya dukani.