Eti visiwani Indonesia ni Bali tupu? Dhana potofu na ukweli wa kijiji cha mbali

Kila ikitokea picha ya kijiji cha Indonesia kilichopo kisiwani huko mwisho wa ramani, watu wanagawanyika makundi mawili, kuna anayesema "pepo hiyo, mi nahamia kesho" na kuna anayesema "jamani masikini hawa wanaishije". Nimechoka kujibu mmojammoja. Naandika mara moja hapa na nitashikilia zaidi kijiji kimoja, Lamalera, pwani ya kusini ya kisiwa cha Lembata, jimbo la Nusa Tenggara Timur, maana Indonesia ina visiwa zaidi ya 17,000, sasa ukisema tu "visiwani" bila kusema wapi hujasema kitu bado.

Dhana: kisiwa chochote cha Indonesia ni kama Bali

Hapana. Bali ni Wahindu wengi na mahoteli, Lembata ni Wakatoliki wengi, ardhi kavu ya mawe, mvua ya miezi michache, na chakula cha asili ni mahindi, wali umekuja kukolea baadaye. Na hiyo "pepo" ina volkano juu yake. Mlima Ile Lewotolok ulilipuka Novemba 2020 hapohapo Lembata, maelfu wakahama makwao, kabla hawajatulia Aprili 2021 kikaja kimbunga Seroja, mafuriko na maporomoko yakazoa nyumba Lembata na Adonara jirani yake. Nani bado anahamia kesho?

Dhana: wametengwa na dunia

Hii ndo inanichekesha kuliko zote, hasa ikisemwa na mtu wa pwani yetu. Karafuu ya Unguja na Pemba ilitoka wapi? Asili yake ni visiwa vya Maluku, mashariki ya Indonesia, Ternate na Tidore na wenzao, ikapitia visiwa vya Wafaransa huku Bahari ya Hindi ndo ikafika Zanzibar mwanzoni mwa karne ya 19. Ngalawa yenyewe, ile mirengu ya pembeni, wataalamu wanaihusisha na mabaharia wa upande huohuo, ambao ndugu zao ndo waliojaa Madagaska. Halafu sikiliza lugha: wao wanasema dunia, bendera, meja, waktu, kabar, sisi tunasema dunia, bendera, meza, wakati, habari. Waarabu na Wareno walitupitia sote.

Kuna kisiwa kinaitwa Run, kipo kwenye visiwa vya Banda hukohuko Maluku, urefu kama kilomita 3 na upana haufiki hata moja, mwaka 1667 Waingereza waliachia madai yao hapo na Waholanzi wakaachia Manhattan, yaani New York, sababu ya kungumanga tu. Leo Run ni kijiji cha wavuvi na wakulima. Kwa hiyo sio kwamba dunia haijawahi kufika, ilifika, ikachuma, ikaondoka.

Dhana: hao wawinda nyangumi ni washamba tu, wangepewa meli ya kisasa wangetoka

Hapa tukae kidogo. Lamalera inajulikana kwa kuwinda nyangumi, wale wenye kichwa kikubwa cha mraba ambao wenyewe wanawaita koteklema. Mtu akiwaona baharini anapiga ukelele "Baleo! Baleo!" na ukelele unapokelewa nyumba kwa nyumba mpaka juu mlimani, kila mtu anaacha anachofanya, wanaume wanakimbilia pwani kusukuma vyombo majini. Chombo chao kinaitwa peledang, ni cha mbao, kina mirengu kama ngalawa, kimeungwa kwa vigingi vya mti bila misumari ya chuma, na tanga la asili ni la majani yaliyosukwa. Mbele kabisa kuna kijukwaa cha mianzi kimechomoza juu ya maji, hapo anasimama lamafa, mrusha chusa. Mpini wa chusa ni mwanzi mrefu na yeye hairushi, anaruka nayo, mwili mzima, anaishindilia mgongoni kwa mnyama kwa uzito wake mwenyewe, afu anajikuta majini pembeni ya nyangumi aliyekasirika na inabidi aogelee arudi chomboni. Watu wanavunjika, wengine hawarudi.

Sasa hiyo meli ya kisasa ililetwa. Mwaka 1973 shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, FAO, lilipeleka meli na mtaalamu wa Norway awafundishe kuwinda kisasa. Mradi ulikaa kama miaka 3 ukafa, na ripoti yao wenyewe ikakubali kwamba njia ya wenyeji inaendana na mazingira na mila zao. Nyama nayo haigawiwi ovyo, kila kipande cha mnyama kina mwenyewe toka zamani: ukoo wenye chombo, mrusha chusa, fundi seremala, mhunzi, na wajane na yatima hawasahauliwi. Ukileta meli yenye bunduki, huyo mhunzi fungu lake linatoka wapi?

Ila msinigeuze mshabiki. Injini wanazo, boti za injini wanazitumia siku hizi kufukuzia pomboo na samaki aina ya taa, na hata kuvuta peledang. Na hoja ya uhifadhi ni ya kweli, nyangumi analindwa na sheria ya Indonesia, taa wakubwa wa manta wamepigwa marufuku kuvuliwa nchi nzima toka 2014, na hapo ndipo ugomvi ulipo kwa sababu nyangumi wa kujikimu anavumiliwa, kwa wastani wanapata kama 20 kwa mwaka, lakini manta alikuwa kitoweo cha kuvusha miezi ambayo nyangumi hakuna. Mtu wa mjini anaona mnyama, mama wa Lamalera anaona mahindi. Namaanisha mahindi kabisa: kipande cha nyama iliyokaushwa kwa jua anakitia kwenye beseni, anajitwika kichwani mpaka soko la Wulandoni siku ya Jumamosi, wa mlimani nao wameshuka na mahindi, ndizi, mihogo, wamekaa chini wamepanga vifungu vyao, wote wanatazamana tu mpaka filimbi ipulizwe, ikipulizwa ndo wanaanza kubadilishana mali kwa mali. Pesa ipo na inatumika, lakini kwa shughuli hii hawaihitaji.

Dhana: serikali imewasahau, hakuna hata senti inafika

Hapa wengi watashangaa. Kwa sheria ya vijiji ya 2014 kila kijiji Indonesia kinapata fungu lake moja kwa moja toka bajeti ya taifa, walianza kugawa 2015, vijiji kama 75,000, na baadaye fungu likapanda mpaka wastani wa karibu rupia bilioni 1 kwa mwaka, kwa dola ni kama 60,000 hivi. Wanapanga wenyewe na mwenyekiti wa kijiji wanamchagua kwa kura. Sasa hela inafika halafu inafanya nini, hiyo ni habari nyingine, maana saruji na nondo zinakuja kwa meli, meli inategemea msimu wa upepo, na kitu kikishashushwa Lewoleba, mji mkuu wa Lembata, kinapakiwa lori kuvuka milima mpaka Lamalera. Kwenye ramani ni karibu, mgongo wako ndo utakuambia ukweli. Mwaka 2015 walianzisha pia meli za ruzuku wanaita "barabara ya baharini" ili bei za visiwani zishuke.

Bado jimbo lile ni kati ya masikini kabisa nchini, mtu kama mmoja kati ya watano yupo chini ya mstari wa umasikini wakati kitaifa ni kama mmoja kati ya kumi na moja. Na umasikini wa kisiwani mara nyingi sio wa kukosa mali, ni wa kukosa kauli kwenye bei. Miaka ya 90 karafuu yote ya Indonesia ililazimishwa kupitia mnunuzi mmoja, kampuni ya mtoto wa rais Suharto, wakulima wakaumia mpaka wengine wakakata mikarafuu yao. Mtu wa Pemba hapa hahitaji mkalimani.

Kuhusu intaneti sina mengi. Mkongo wa taifa wa Palapa Ring ulikamilika 2019, vijana wanaperuzi kama wewe, penye mtandao. Tuendelee.

Dhana: kijana wa huko ama abaki kuvua ama amepotea

Kuondoka ni mila, wana neno lake kabisa, merantau, kwenda kutafuta ugenini. Wengi wa Lembata na kisiwa jirani cha Flores wanavuka kwenda Malaysia, mashamba ya michikichi ya Sabah, wanajenga nyumba za matofali nyumbani. Lakini msinichoree picha nzuri tu, wasio na karatasi wanaliwa na mawakala, na uwanja wa ndege wa Kupang, mji mkuu wa jimbo, unapokea majeneza ya wahamiaji kila mwaka, miaka mingine zaidi ya 100.

Na shule? Kijiji hichohicho cha machusa kilimzaa Gorys Keraf mwaka 1936, akaja kuwa mwanaisimu wa Chuo Kikuu cha Indonesia, vitabu vyake vya sarufi na uandishi wamevisoma wanafunzi nchi nzima, na tasnifu yake ya udaktari aliandika juu ya lahaja ya Lamalera, yaani alienda Jakarta kuchambua maneno ya nyumbani kwao. Baadaye kutoka hapohapo akatokea Sonny Keraf, akawa waziri mwaka 1999. Wizara gani? Mazingira.