Garba si ngoma ya vijiti

Wengi wanaotazama Wahindu wa Gujarat, jimbo la magharibi mwa India, wakisherehekea Navratri, usiku tisa wa kumtukuza mungu mama, huita kila ngoma ya usiku ule garba, na huiona kuwa ni ya vijiti. Sivyo. Garba huchezwa mikono mitupu. Katikati huwekwa chungu cha udongo chenye matundu, ndani kikiwaka taa ya samli au mafuta. Matundu hayo hupitisha mwanga na pia hewa, la sivyo utambi hufifia. Wachezaji hukizunguka, mara nyingi peku, wakiinama na kupiga makofi mawili au matatu kwa kila mzunguko wa hatua. Ni ibada.

Vijiti ni vya ngoma nyingine, dandiya-raas, ambayo kwa desturi hufuata baada ya aarti, sala ya taa. Hapo watu husimama safu mbili zikitazamana, wakagonganisha vijiti na kusogea kwa mwenza mwingine. Anayeingia na vijiti kwenye duara la garba anaweza kuwaumiza wenzake, kwani nafasi ni finyu.

Mwaka 2023 UNESCO iliorodhesha garba ya Gujarat kuwa urithi wa utamaduni usioshikika.